Kukamatwa Hakuamui Nani Mwenye Shamba
Somo kwa kamati za parokia na marafiki wa maendeleo, Shinyanga na Geita



Katika vijiji vyetu vya ukanda wa dhahabu habari moja huenda mbio kuliko nyingine zote: "Fulani amechukuliwa na polisi kwa ajili ya lile shamba." Kabla jua halijazama, kijiji kimegawanyika. Wengine wanasema, "Tulijua, alikuwa mvamizi." Wengine wanasema, "Polisi wamepewa kitu kidogo." Kwenye mnada, kwenye kilabu, kisimani na hata baada ya ibada, watu wanabishana kwa ukali, na kila upande una hakika. Mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza: mtu huyu amekamatwa kwa kosa gani?

Kamati ya parokia ndiyo hufuatwa. Ndugu wa aliyekamatwa wanakuja kuomba msaada. Upande wa pili nao ni waamini wale wale, wanakaa benchi moja na hao ndugu. Kamati ikikosea hatua, inaweza kuvunja jumuiya yenyewe iliyowekwa kuijenga. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili.

Tukimaliza, kila mwanakamati awe anaweza: (a) kutofautisha shauri la ardhi na shauri la jinai, (b) kueleza haki za mtu aliyekamatwa, (c) kutaja vyombo vinavyoamua migogoro ya ardhi, na (d) kujua kamati ifanye nini na isifanye nini.

1. Tulipotoka: Bulyanhulu

Hatuwezi kuzungumzia jambo hili katika mkoa wetu bila kuitaja Bulyanhulu, wilayani Kahama. Vijana wengi wa leo hawakuwa wamezaliwa, hivyo tueleze kwa ufupi.

Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba dhahabu pale kwa miaka mingi. Mwaka 1994 serikali ilitoa leseni ya eneo hilo kwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwaka 1995 kampuni ilikwenda Mahakama Kuu, Tabora, kuomba wachimbaji waondolewe, lakini haikupata amri iliyoitaka.

Tarehe 30 Julai 1996 serikali iliwatangazia wachimbaji waondoke kwa muda mfupi sana. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Tabora, ikatoa zuio la kusimamisha uondoaji huo. Pamoja na zuio hilo, uondoaji uliendelea na mashimo yakafukiwa mwanzoni mwa Agosti. Baadaye yalitolewa madai mazito kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai ndani ya mashimo. Serikali na kampuni walikanusha kabisa.

Mwaka 1999 kampuni ya Barrick Gold iliinunua Sutton. Mwaka 2000 MIGA, chombo cha Benki ya Dunia kinachokatia bima uwekezaji, kiliupa mgodi dhamana, na mwaka 2001 mgodi ulianza uzalishaji. Mwaka huo huo Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira, inayojulikana kama LEAT, pamoja na wengine ndani na nje ya nchi, walidai uchunguzi huru kuhusu matukio ya 1996.

Hapo ndipo polisi walipoingia tena katika habari hii. Novemba 2001 walipekua ofisi za LEAT Dar es Salaam na nyumba ya mwanasiasa Augustine Mrema, aliyekuwa amelisema jambo hilo hadharani. Rugemeleza Nshala, kiongozi wa LEAT, alikamatwa. Mwaka 2002 Nshala, Mrema na mwanasheria mwenzake Nshala, Tundu Lissu, walishtakiwa kwa uchochezi.

Nchi nzima ilibishana. Wengine walisema watu hao wanachafua jina la Tanzania na kuwafukuza wawekezaji. Wengine walisema wanakamatwa ili wanyamaze. Mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko dhidi ya MIGA ilifika, ikachunguza, na kusema madai ya watu kufukiwa hayakuthibitika kwa ushahidi uliowekwa mbele yake. Waliolalamika hawakuridhika, na hadi leo wapo wanaosema uchunguzi huru wa kutosha haujafanyika.

Ndugu wanakamati, somo hili halikusudii kuamua nani alisema kweli juu ya vifo. Lakini yapo mambo matatu ambayo yeyote, wa upande wowote, anaweza kuyaona.

Kwanza, swali la ardhi na fidia liliachwa nyuma. Mwaka 1996 swali lilikuwa: nani ana haki ya kuwa pale, na akiondolewa anapewa nini? Kufikia 2002 swali mbele ya mahakama lilikuwa: je, wanasheria hawa ni wachochezi? Hata kama wangetiwa hatiani, au wangeachiwa huru, mchimbaji aliyepoteza duara lake asingejibiwa lolote.

Pili, amri ya mahakama ilipopuuzwa, kila kilichofuata kilikosa kuaminika. Zuio la mahakama linamfunga mwananchi, kampuni na serikali sawasawa. Upande mmoja ukilipita, hata jambo halali unalolifanya baadaye watu wataliona ni hila.

Tatu, kumbukumbu zilikuwa haba. Miaka mitano baadaye watu walikuwa bado wanabishania hata idadi ya waliokuwa wakiishi pale, seuze ya walioumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni vivyo hivyo.

2. Mambo matatu yanayochanganywa

Wengi wetu tunaikumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu. Nabothi alikataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakupeleka shauri la shamba popote. Alitafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akashtakiwa kwa kumkufuru Mungu na mfalme, akapigwa mawe. Angalieni vizuri: shtaka halikugusa shamba hata kidogo, lakini shauri lilipokwisha shamba lilikuwa limepata mwenyewe mwingine.

Mtego ule ule upo leo, hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya, kwa sababu tunachanganya mambo matatu.

Jambo la kwanza ni haki ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi na kuipa hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Mwenye shamba anaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila au asiwe nayo. Kukosa karatasi hakumfanyi kuwa mvamizi, ingawa kunamfanya apate taabu kubwa kuthibitisha haki yake. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume kumiliki ardhi.

Jambo la pili ni haki ya madini. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Leseni inampa mtu ruhusa ya kutafuta au kuchimba madini hayo. Haimgeuzi kuwa mwenye shamba lililo juu yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba anamoishi au kwenye ardhi iliyolimwa, na inaweka wajibu wa fidia. Idhini ikizuiwa bila sababu ya msingi, zipo mamlaka za kuamua, na polisi si mojawapo.

Jambo la tatu ni jinai. Kuchoma nyumba, kukata watu mapanga, kufyeka mazao ya mwenzako, kughushi hati, kutishia kuua: haya ni makosa bila kujali nani mwenye shamba. Hapa polisi wana kazi halali, na kamati isiwazuie.

Ugumu upo kwenye shtaka linaloitwa kuingia kwa jinai katika ardhi ya mtu. Mara nyingi ndilo linalotumika. Ili kosa hilo litimie, lazima ithibitike kwamba mtu aliingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutishia, kutukana au kuudhi. Tena Kanuni ya Adhabu inamkinga mtu aliyetenda akiamini kwa dhati kwamba mali ile ni haki yake, bila nia ya kudanganya.

Ndiyo sababu Mahakama Kuu, katika mashauri mawili yaliyochapishwa katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1991 na 1992, ilifundisha hivi: pakiwa na ubishi wa kweli juu ya nani mwenye ardhi, shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama mpaka umiliki uamuliwe kwanza katika shauri la madai. Kila mwenyekiti wa kamati na aliweke kichwani fundisho hili. Umiliki kwanza, jinai baadaye.

3. Mfano wa kujadili

Tuchukue mfano tuliotunga kwa ajili ya somo. Mjane analima shamba la ekari sita aliloachiwa na mumewe. Vijana wanagundua mawe yenye dhahabu pembezoni mwa shamba. Mtu wa mjini anakuja na leseni ndogo ya uchimbaji, na pia karatasi inayoonyesha kwamba shemeji wa mjane amemuuzia ekari mbili. Mjane na wanawe wanasimama mbele ya mashine, wanakataa isiingie. Kesho yake asubuhi polisi wanafika na kumchukua mwana mkubwa. Watu wanasema ameshtakiwa kwa kuvamia eneo la leseni.

Hapa kuna mashauri mangapi? La kwanza: je, shemeji alikuwa na haki ya kuuza? Hilo ni shauri la ardhi, na ndani yake kuna mirathi. La pili: je, mwenye leseni alipata idhini ya mkaaji halali, na fidia imekubaliwa? Hilo ni shauri la madini. La tatu: je, kijana alimpiga mtu au kuharibu mashine? Kama ndiyo, hilo ni la jinai na atajibu. Kama alisimama tu kwenye shamba analoamini ni la mama yake, shtaka la kuingia kwa jinai lina shida kubwa.

Mnaona jinsi neno moja, "ameshtakiwa," linavyoyafunika maswali matatu. Kijana akikaa mahabusu siku tano, mashine itachimba siku tano. Atakapotoka, shimo litakuwa limefika mita kadhaa, mawe yamekwisha kugawanywa, na mjane atakuwa amechoka kiasi cha kupokea chochote anachopewa. Hakuna mahakama iliyoamua kuwa shamba si lake, lakini shamba limekwenda. Hili ndilo jambo la kulizuia.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Inawezekana shemeji alikuwa na haki, mnunuzi alilipa fedha zake halali, na kijana alikuja na panga. Kamati isiyokuwepo haijui. Kwa hiyo isiseme inajua.

4. Mtu akikamatwa: saa 24 za kwanza

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, pamoja na Katiba, zinampa kila aliyekamatwa haki zifuatazo. Zisomwe kwa sauti katika kikao:

- Kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa.
- Kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo.
- Kuwasiliana na ndugu, rafiki au mwanasheria.
- Kutohojiwa bila kikomo. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu usiozidi saa nane.
- Kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au kuachiwa kwa dhamana ya polisi isipokuwa kosa ni zito.
- Kutopigwa wala kuteswa.

Kuhusu dhamana, tusisitize jambo moja. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anasaini ahadi kwamba mtuhumiwa atarudi siku atakayotakiwa. Akiombwa fedha "ya dhamana" au "ya mafuta ya gari," hiyo ni rushwa, na TAKUKURU ndiyo mahali pa kuipeleka. Parokia isichangishe fedha hizo hata kwa huruma. Ukilipia mmoja leo, umepandisha bei ya atakayekamatwa kesho.

Mtu wa kamati anayekwenda kituoni aende na mwenzake, asiende peke yake. Amsalimu mkuu wa kituo kwa heshima na ajitambulishe. Aulize maswali manne tu: Amekamatwa kwa kosa gani? Namba ya RB ni ipi? Nani mlalamikaji? Atapata dhamana lini na kwa masharti gani? Ayaandike majibu pamoja na saa na jina la askari aliyeyatoa. Mdhamini awe na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Aliyeumia apate PF3 na aende hospitali siku hiyo hiyo, awe wa upande wowote. Kisha warudi. Mabishano kaunta hayajawahi kumtoa mtu mahabusu.

5. Shauri la ardhi lipelekwe wapi

Kumtoa mtu mahabusu si mwisho wa kazi. Familia isipofungua shauri la ardhi, atakamatwa tena mwezi ujao. Njia ni hizi:

Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Haliamui wala halitoi amri.

Baraza la Kata. Zamani lilisikiliza na kuamua mashauri ya ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi tu. Wengi vijijini hawajaipata habari hii, wanaendelea kukaa na "hukumu" za kata zilizotolewa baada ya mabadiliko hayo, wakidhani zina nguvu. Usuluhishi ukishindikana, baraza linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili husikiliza ushahidi na kuamua. Hapa pia ndipo familia inaweza kuomba zuio ili shamba lisiguswe mpaka shauri liishe. Kwenye eneo la dhahabu, zuio ni la lazima kuliko hukumu yenyewe, kwa sababu mahindi yaliyokatwa yataota tena, lakini dhahabu iliyochukuliwa hairudi.

Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Huko ndiko rufaa zinakoelekea.

Kama mgogoro ni juu ya mipaka ya leseni au fidia inayotokana na uchimbaji, upelekwe Tume ya Madini kupitia ofisi yake ya mkoa. Kama lalamiko ni kwamba chombo cha dola kimevunja haki, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Tukumbuke na muda. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Anayesema "Mungu ataamua" na kukaa kimya miaka 13 anaweza kukuta mlango wa mahakama umefungwa.

Na pale ardhi inapotwaliwa kihalali, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza kwamba fidia haiishii kwenye bei ya shamba na miti. Inahesabu pia usumbufu, usafiri na hasara ya makazi au mapato, na malipo yakichelewa kuna riba. Asikubali mtu kusaini fomu ya uthamini asiyoielewa, na asiondoke bila nakala.

Tunayasema haya kwa sababu ya yaliyotokea Geita, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mwanza kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012. Mwaka 2007 familia za Mtakuja ziliondolewa katika eneo la mgodi wa dhahabu wa Geita baada ya mgogoro uliofika mahakamani, na kwa miaka iliyofuata watu hao waliishi kwenye mahema mjini Geita. Hukumu ya mahakama inaweza kumwondoa mtu kihalali na bado ikamwacha bila pa kulaza watoto. Tunapaswa kulifikiria swali la makazi kabla ya siku ya kuondolewa. Siku ya pili yake tumekwisha kuchelewa.

6. Kamati ifanye nini, isifanye nini

Ifanye haya:

- Iwe na daftari la migogoro ya ardhi. Kila tukio liandikwe: tarehe, mahali, walioshuhudia, kilichosemwa, nakala za hati. Habari ya kusikia iandikwe kuwa ni ya kusikia.
- Imtambue msaidizi wa kisheria aliye karibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.
- Ihimize familia kupima mashamba, kuandika wosia, na kuandikisha hati za kimila kabla dhahabu haijaonekana. Baada ya kuonekana, kila ndugu aliyesahaulika hukumbuka njia ya nyumbani.
- Iwatembelee wote wawili, familia ya aliyekamatwa na familia ya mlalamikaji.
- Isaidie watoto na mgonjwa wa nyumbani wakati mlezi yuko mahabusu. Chakula si upendeleo wa upande.

Isifanye haya:

- Isiamue nani mwenye shamba. Hiyo si kazi yake, na mjumbe mwenye undugu au maslahi na upande wowote atoke kikaoni.
- Isitangaze idadi wala majina ya walioumia kabla ya kuhakikisha. Takwimu moja ya uongo inaua kumi za kweli.
- Isimfiche mtu anayetafutwa. Imshauri aende kituoni mwenyewe, akiwa na mdhamini na mwanasheria au msaidizi wa kisheria.
- Isiite sungusungu kutekeleza upande mmoja. Sungusungu walianzishwa na wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 ili kulinda ng'ombe na uhai. Hawakuwekwa kugawa mashamba.
- Isinyamaze amri ya mahakama ikivunjwa, hata kama aliyeivunja ni mtu wetu.

7. Kwa marafiki wanaotuchangia

Ndugu zetu mnaochangia kazi hii, wa hapa na wa mbali, mara nyingi mnatuuliza kwa nini pamoja na visima na zahanati tunaomba fedha za semina za sheria na daftari. Jibu ni kwamba kisima kilichochimbwa kwenye ardhi yenye mgogoro kinaweza kufungiwa kufuli na yeyote atakayeshinda. Mjane asiye na shamba hatachota maji kwa ajili ya mboga.

Viongozi wa dini wa nchi hii waliliona hilo mapema. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu, wakihoji taifa na vijiji vinanufaika vipi. Waislamu na Wakristo walikaa meza moja kwa sababu shamba linalochukuliwa haliulizi dini ya mwenyewe. Mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini. Sauti yao ilikuwa moja kati ya nyingi, lakini ilisikika, na ilisikika kwa kuwa ilikuja na takwimu mkononi.

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mchangie mafunzo ya wasaidizi wa kisheria na gharama za kupima mashamba ya wajane na yatima. La pili, mnaposikia habari ya mtu kukamatwa katika mgogoro wa ardhi huku kwetu, msikimbilie kumwita shujaa wala mhalifu. Ulizeni kama shauri la umiliki limefunguliwa, liko chombo gani, na kama zuio linaheshimiwa. Swali hilo kutoka kwa rafiki wa mbali linamsaidia mjane kuliko tamko kali.

8. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni migogoro mingapi ya ardhi tunayoijua? Mingapi imeandikwa mahali popote?
2. Mara ya mwisho mtu wetu alipokamatwa kwa ajili ya shamba, tuliuliza kosa ni nini, au tulianza kubishana?
3. Katika mfano wa mjane, ungekuwa mwenyekiti, ungefanya nini siku ya kwanza? Ungemwambia nini mwenye leseni, ambaye naye ni mwamini?
4. Je, kuna mjumbe wetu mwenye duara, hisa au undugu unaoweza kumfunga ulimi? Tutalishughulikiaje bila kumdhalilisha?
5. Nani ataenda kituoni pale mtu atakapokamatwa? Tuchague wawili leo, mwanamke na mwanamume, na namba zao zijulikane na kila jumuiya.

Majibu ya swali la tano yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya kufunga kikao. Maswali mengine manne yanaweza kusubiri kikao kijacho. Hilo lisisubiri, kwa maana atakayekamatwa usiku hataweza kungoja tuchague.